Siku Moja kwa Ajili ya Kuku

Kila nyumba iliyo karibu na uwanja wa majaribio ina haki ya kuzuia roketi zisiwashwe siku moja kwa mwaka. Wengi huiweka kwa ajili ya harusi au matanga. Kadzo aliitumia yake kwa ajili ya kuku.

Mhandisi alipiga simu saa tatu asubuhi. "Mama, watu mia mbili wamekaa hapa wanasubiri."

"Na wasubiri. Mlipowasha ile kubwa mwaka jana nilitupa mayai tisa, yote viza. Haya yamevumilia ngurumo zenu ndogo za kila siku. Leo yanaanguliwa, niachieni."

Yai la mwisho lilichelewa. Kadzo akaliweka kwenye maji ya vuguvugu aone kama lina uhai, likacheza, akalirudisha upesi chini ya kuku. Kufikia alasiri vifaranga wote kumi na mmoja walikuwa nje, naye akahisi kama ametua gunia.

Kesho yake roketi iliwashwa. Sufuria ziligongana, vumbi likamwagika kutoka kwenye makuti, kuku akaruka hadi dirishani. Vifaranga waliendelea kudonoa pumba.

"Umewaona?" alisema Mwaringa, mumewe. "Hawana hata woga."

"Afadhali," alisema Kadzo, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kuku alitulia, akashuka, akaona chenga za mchele kando ya kinu. Akaanza kuwaita wanawe waje kula. Aliita, akaita tena. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.