Maji ya Mwani

Siku hizi jiko hupima kila kinachopikwa, na sheria hailiruhusu kuwaka likinusa sumu ya aseniki nyingi. Mwanakheri aliuloweka mwani wa kahawia mara tatu, maji akiyamimina kwenye beseni, kisha akabonyeza tena kitufe cha jiko. Jiko likajibu yaleyale: "Kipupwe sumu hupanda. Subiri kiangazi."

Akalipiga kofi.

"Siku ya nne hii nala wali mtupu," alinung'unika Bi Mkasi, mama mkwe wake. "Mwani huu ndio uliotukuza."

"Nifanyeje, mama? Sumu yote imeshatoka, imo humo besenini, lakini jiko halisikii!"

Alitoka kwa hasira kwenda kuchuma mchicha. Aliporudi, beseni lilikuwa tupu.

"Maji umeyamwaga, mama?"

"Nimeyamwaga, mwanangu," alijibu Bi Mkasi, akijifuta midomo kwa kanga.