Maegesho ya Watu

Jamani, hamtaamini kilichotokea leo sokoni! Si mnajua siku hizi hata watu tunalipia maegesho, kama magari? Nyumba yetu ina kibali kimoja tu cha kusimama, na mama ndiye anakitumia kuuzia nyanya. Mwingine wetu akisimama, simu inalia na kibali kinafutwa.

Basi nikamkuta shangazi Mwanahija kaanguka, watu wanampita. Nikapiga simu hospitali huku namzunguka, nisije nikasimama. Gari la wagonjwa nalo linatafuta maegesho!

“Chiku, simama unishike mkono.”

“Siwezi, shangazi. Mama atakosa pa kuuzia.”

“Haya, zunguka mwanangu. Angalau unanipepea.”

Nilizunguka mpaka mkono wake ukaacha kunitafuta. Mama kauza nyanya zote. We ungesimama?