Ngiri na Vilima vya Kisimani

Saa saba mchana, kiangazi kikiwa kimekausha mito yote, Ngiri na Mbuni walianza kukimbilia kisima cha mwisho. Barabara ilipita vilima vitano. Jamaa zao zilikuwa zikingoja kisimani; ya mshindi ingekunywa kwanza. Wa pili angekuta tope.

Mbuni alitangulia. Ngiri, ambaye usahaulifu wake ulijulikana nyika nzima, alimfuata mkia juu.

“Mzee, unakumbuka tunakokwenda?” Mbuni alimtania.

“Huku huku,” akajibu Ngiri.

Chini ya kilima cha tatu Mbuni alisimama, mdomo wazi. “Tumepanda viwili, hiki cha tatu, na bado viwili! Jua hili litatuua, ndugu yangu.”

“Viwili vipi?” Ngiri akauliza. “Mimi naona hiki tu.”

Akakipanda. Kila alipoteremka kilima alikuwa amekwisha kukisahau, na kilichofuata kwake kilikuwa cha kwanza. Mbuni alibaki kichakani akihesabu.

Kisimani Ngiri angepitiliza, kama mkewe asingemdaka mkia.

“Simama, baba watoto, tumeshinda!”

Watoto wakanywa, naye akanywa.

Mbuni alifika jua likizama. Ngiri alinyanyuka kumpokea. “Karibu, mgeni! Mbona umechoka hivyo? Umetoka mbali?”

Mbuni alijikokota hadi kisimani. Aliinama, akanywa tope.