Kunguru wa Serikali

Siku hizi kila nyumba huchagua mara moja tu nani ataisaidia ikiishiwa: serikali au kanisa. Mimi, mzee wa kanisa, nyumba ya mama niliichagulia kanisa.

"Kulisha maskini ni kazi ya waumini," nilimwambia. "Serikali haina upendo."

"Elikana mwanangu, Eliya alilishwa na kunguru," alijibu. "Na kunguru hakumwuliza anasali wapi."

Tangu hapo ndege za serikali, zile ndogo zisizo na rubani zinazoshusha unga na maharage majumbani, zikawa zinaipita nyumba yake bila kutua. Kila Jumamosi nilimpelekea kikapu cha kanisa. Kila Jumapili, baada ya ibada, niliendesha mnada wa sadaka za vyakula ili tujaze vikapu vingine; unga uliofungwa kwenye kipande cha kanga ya bluu haukukosekana.

Juzi tumemzika mama, ngozi imeshikana na mifupa. Leo jirani yake, Ndeamboni, amenieleza.

"Aliona aibu kwenda kanisani mikono mitupu. Kikapu chako alikitoa chote sadaka."

Basi ule unga wa kanga ya bluu, kila wiki, ulikuwa wake, na niliunadi mimi. Na nilipoupatia bei nzuri, mama ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.