Swali Moja kwa Gari

Kwa sheria, gari lililotumika humjibu mnunuzi swali moja tu, na haliwezi kudanganya. Fundi alishakagua turbo, breki na mlango uliopakwa rangi upya. Nilitaka kuuliza kama injini iliwahi kufunguliwa, lakini mke wangu, Tunu, akaniwahi.

“Dereva wako wa mwisho yu hai?”

Nikamtolea macho. Swali letu limeenda bure! Gari likajibu.

“Yu hai. Amepata mapacha, akataka gari la milango minne.”

Tunu akashusha pumzi, akacheka. Nami nikacheka, nikaingia, nikashika usukani.

“Siku moja mnunuzi mwingine ataniuliza swali hilohilo kukuhusu wewe,” gari likaniambia. “Funga mkanda.”