Feruzi Lililogeuka Kijani

Jumamosi, tarehe 14 Machi mwaka 1987, mkaza mwana alipoingia kuoga, mama mkwe aliichukua pete ambayo binti huyo aliiacha mezani na kulipaka jiwe lake la buluu, feruzi, mafuta ya kupikia, kama alivyofanya wiki nzima kila alipopata upenyo. Sonara alikwisha kumwonya zamani: feruzi hunywa mafuta kama mkate unywavyo chai, na likishiba hupoteza ubuluu wake.

Jioni aliwaita wote sebuleni: mumewe, mwanawe, na binti huyo mja mzito ambaye hakumpenda tangu siku ya posa.

"Tazameni," alisema, akiinyanyua pete. "Kijani kama maji ya dimbwi! Za mwizi ni arobaini."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Katika ukoo ule kila bibi harusi alivishwa feruzi. Wahenga wao walilifunga jiwe hilo kwenye hatamu ili farasi asimwangushe mpandaji, wakalipachika kwenye mipini ya panga, na wakaamini kwamba mke akitoka nje ya ndoa, jiwe lake hugeuka kijani.

"Labda ni sabuni, mama," alinong'ona binti. "Nafua kila siku."

"Na mimba nayo ni ya sabuni?"

Mwana aliinamisha kichwa. Moyo wa mama ulishangilia kimyakimya: kesho msichana angerudishwa kwao, na tumbo lake lisilo na baba.

"Basi livae wewe, mama, tuone kama rangi itarudi," alisema binti.

"Hata nikilivaa mwaka mzima, litakushtaki wewe tu. Jiwe humshuhudia mwanamke aliyeolewa nalo, si kidole kinacholibeba."

"Una hakika, mke wangu?" aliuliza mumewe, mzee wa maneno machache.

"Naapa mbele ya mwanangu huyu."

Mzee aliipokea pete, akaigeuzageuza.

"Mwezi uliopita vidole vya mtoto huyu vilivimba kwa ujauzito, pete yake ikambana. Nikampa yako ya harusi, iliyo pana kidogo. Yake ndiyo iliyomo sandukuni mwako. Zimefanana, nilijua hutatambua."

Akaiweka pete mapajani mwa mkewe. Kisha akamgeukia mwanawe, akamtazama paji la uso, pua, kidevu, polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuiona wapi sura hiyo.

Msomaji, ukishamaliza, mpelekee hadithi hii na jirani yako mwenye mkwe.