Kipimo cha Turubai

Mwanahawa alikuwa amebakiza skrubu moja tu kumaliza kufunga turubai la kivuli kwenye boti yao ndogo ya matembezi, mumewe Kombo alipofika. Kombo alipanda, akasimama penye usukani kama kawaida yake. Kichwa kikagonga bomba lililoshikilia turubai.

"Mama Zuhura, ulipima ukiwa umelala? Mji huu mwanamume haendeshi boti ameketi!"

"Wewe utaketi."

"Nani kasema?"

"Mguu wako. Jumapili nilikuona unaning'inia ukingoni mwa boti, halafu ukajifanya unatazama samaki."

Mguu wa kushoto wa Kombo, uliolegea tangu mwezi uliopita, ulikuwa unatetemeka. Akanyoosha mkono.

"Lete bisibisi. Nalifungua lote."

Mwanahawa akampa bisibisi, akampa na ile skrubu ya mwisho.

"Fungua. Ila ukitumbukia, mimi kuogelea sijui."

Kombo aliinamisha kichwa chini ya turubai, bisibisi mkono mmoja, skrubu mkono wa pili. Magoti yalikuwa yamekunjika nusu, na benchi lilikuwa nyuma yake, shubiri moja tu.